Mchochezi wa Boila na Gesi Isiyowaka

Felisiani Bulugu anapiga magoti mbele ya boila kama mtu anayetaka kuungama, ila hasali. Amewasha jiko dogo la mafuta ya taa, lile la kupampu, na mwali wake ni wa buluu safi. Kwa koleo ameshika bangili ya shaba, anaitia ndani ya mwali mpaka inakuwa nyekundu. Kisha anaanza kusogea na jiko lake sakafuni, polepole, kama anayetafuta sindano.

Anapita chini ya mabomba ya mtambo wa baridi. Anatulia penye kiungo kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Anautazama mwali bila kupepesa.

"Buluu," anasema. Anakohoa, anatema mate kwenye majivu, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Leo hakuna kitu. Ungekuwa kijani ungeniona natoka mbio na miaka yangu hamsini na minne."

Ndipo anapotia kuni za kwanza. Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa saba, mwaka 1979, katika kijiji cha ujamaa cha Rwamashozi, upande wa Nyamahanga, wilayani Biharamulo. Vita vimekwisha. Wanajeshi wamepita na nyimbo zao, watoto wamezikariri, na kila nyumba imepata angalau uongo mmoja wa kusimulia. Felisiani hana haja ya uongo. Yaliyompata yanatosha.

La ajabu ni kwamba gesi anayoipima kila asubuhi haipo. Mtambo umenyamaza tangu mwezi wa nne, gesi yote ilipokwisha kuvuja. Akiulizwa kwa nini basi anahangaika na bangili, anajibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

"Nauzoeza mkono. Alhamisi wanaleta mtungi mpya. Watajaza mtambo huu huu, humu humu ndani, kwenye bomba hili hili lenye ufa. Leo ni Jumanne. Sasa wewe ungelala?"

Kiwanda cha Rwamashozi si kikubwa. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu ambamo maziwa ya kijiji hugeuzwa siagi na samli. Boila linatoa mvuke wa kuchemshia maziwa na kuoshea madebe. Chumba cha baridi kinahifadhi siagi na, wakati wa vita, kilihifadhi nyama ya jeshi. Wanakijiji wanasema filimbi ya boila ilipopigwa mara ya kwanza, mwaka 1975, ng'ombe wa Keza kule Ngara waligeuza vichwa wote kwa pamoja, na ndama mmoja aliyekuwa bado tumboni akaona asisubiri tena. Mwenye ndama hajulikani, lakini habari hiyo hakuna anayeibishia.

Felisiani aliletwa Rwamashozi na lori la Operesheni Vijiji mwaka 1974, yeye, mkewe, kuku sita na mlango wa nyumba yake ya zamani, ambao alikataa kuuacha. Ujanani alichochea moto kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, Usukumani. Kwa hiyo boila lilipofika hakutafutwa mwingine. Akapewa msaidizi pia, Anatoli, Mhangaza aliyeoa hapo kijijini, mtu mrefu mwenye kicheko cha kuamsha mtoto.

"Anatoli alikuwa akilisalimia," anakumbuka Felisiani. "Akiingia asubuhi anavua kofia. 'Shikamoo boira!' Mvuke ukitoka, fyuu, anasema, 'Umesikia? Limeitika marahaba.' Nikamwambia, Anatoli, sema boila. Ananiambia, 'Mzee, nimesema boira, wewe unasikia vibaya kwa sababu ya moto.'"

Kazi yao ilihitaji jina. Karani wa kijiji, Audax, aliyemaliza darasa la nane na hataki mtu asahau, aliwaita ofisini aandike daftari la malipo.

"Mzee Felisiani, unafanya kazi gani?"

"Nachochea moto."

Audax akafikiri, kalamu juu. "Anayepika ni mpishi. Anayelinda ni mlinzi. Basi anayechochea ni mchochezi." Akaandika hivyo kwa wino, kwa mwandiko mzuri wenye mikia: *Felisiani Bulugu, Mchochezi. Shilingi 180.* Chini yake: *Anatoli, Mchochezi Msaidizi.*

Miaka mitatu hakuna aliyeona kasoro. Wenyewe walijivunia. Clotilda, mke wa Anatoli, aliyekuwa akiosha madebe chumba cha pili, alikuwa akiita kupitia dirishani, "Enyi wachochezi, leteni mvuke!" nao wakaitika kama askari.

Kisha vikaja vita, na mwishoni mwa mwaka 1978 zikaja amri mbili. Ya kwanza ilisema taa na mioto yote ifichwe, ndege za adui zisione. Madirisha ya chumba cha boila yakazibwa kwa mabati, misumari ikapigwa kila shubiri. Ya pili ilisema banda la nje, ambamo mtambo wa baridi ulikuwa ukikaa peke yake kwa raha zake, lipishe magunia ya mahindi ya jeshi. Mtambo ukahamishiwa ndani, pembeni ya boila. Kati ya vile viwili mtu angeweza kupita kwa ubavu tu, tena akiwa hajala.

Felisiani hakupenda. Alimwuliza fundi aliyekuja kuuhamisha, kijana wa mjini mwenye miwani myeusi.

"Bwana fundi, gesi hii na moto huu, hatutalipuka?"

"Haiwaki."

"Hata kidogo?"

Fundi akacheka. Akawasha kiberiti, akafungua koki ya mtungi kidogo, akaisogeza njiti kwenye pua ya mtungi. Njiti ikazimika. Watu waliokuwa mlangoni wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji, Leonidas, akasogea mbele.

"Mmeona wenyewe. Hii gesi inazima moto. Hata ikivuja, itatulinda."

Neno hilo moja, haiwaki, ndilo lililoingia Rwamashozi na kukaa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kitu kinaweza kisiwake na bado kikauawa na moto, kikafufuka kingine.

Hayo Felisiani alikuja kuelezwa baadaye na koplo mmoja wa jeshi, Ngeleja, fundi wa friji aliyekuja na lori la nyama. Gesi ya friji ni nzito kuliko hewa, alisema, na haina harufu. Ikivuja haipandi, inashuka na kutandaa sakafuni kama maji yasiyoonekana. Sasa boila nalo linavuta pumzi kwa chini, kwenye mlango wa majivu. Linainywa gesi pamoja na hewa. Ikifika motoni haiwaki kweli, ila inavunjika, na vipande vyake vinakuwa tindikali ya moshi. Tindikali hiyo inakula chuma, na mapafu si chuma.

"Lakini hayo ni ya baadaye," anasema Felisiani. "Wakati ule mimi nilijua kwa pua tu."

Bomba lilikuwa limepata ufa siku ya kuhamishwa. Wiki ya pili, pua zao zikaanza kuwasha. Moshi ulikuwa na uchachu, kama mtu amemwaga siki juu ya makaa. Macho yakatoka machozi. Funguo za Anatoli zikaota ukoko wa kijani mfukoni. Mlango wa boila, chuma cha unene wa kidole, ukaanza kubanduka maganda, na siku Felisiani alipochungulia ndani akakuta mabomba ya moto yameliwa vishimo vishimo kama mahindi ya msimu uliopita.

Aliwaambia wakubwa wa kijiji. Walimwambia kuna vita. Akawaambia tena. Wakamwambia kwamba vita havijaisha.

Mwezi wa pili, 1979, aliamua kuandika barua kwa ofisi ya juu, huko mjini. Kiswahili chake cha kuandika si kirefu, kwa hiyo alimwendea Audax, naye Audax akaipamba kwa elimu yake yote. Felisiani anaijua barua hiyo kwa moyo:

*Ndugu Mkuu. Mimi Felisiani Bulugu, mchochezi wa kijiji cha Rwamashozi, natoa taarifa kwamba hali ya hewa huku imechafuka. Nimekwisha kuwaambia wenzangu wote wakatae kuingia kazini mpaka mtambo huu uondolewe. Kama hamtachukua hatua, watu watakufa. Wako katika ujenzi wa taifa, Mchochezi.*

Anamaliza kuisema. Kisha, kwa upole, kana kwamba anamtetea mtu mwingine: "Kila neno lilikuwa la kweli."

Majibu yalikuja upesi kuliko barua yoyote iliyowahi kutoka Rwamashozi. Badala ya fundi walikuja mgambo wanne kwenye lori. Walimkuta na koleo la makaa mkononi, wakaliandika kwenye orodha ya silaha.

Kwenye mahabusu ya mjini walimweka mbele ya meza. Mhojaji alikuwa kijana, hajalala siku nyingi.

"Unamchochea nani?"

"Moto, afande."

"Usinichezee. Unafanya kazi hiyo kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya boila, afande."

Kijana akashika kalamu. "Boila. Huyo Boila ni mtu wa wapi?"

Felisiani ni mkweli. Alikumbuka bamba la shaba lililo ubavuni mwa boila, lenye maandishi ambayo fundi aliwahi kumsomea.

"Wa Uingereza, afande."

"Ahaa," akasema kijana, akageuza ukurasa.

Akihadithia sehemu hii mbele ya watu, kijiji kizima kinacheka hadi kushika mbavu, na yeye anacheka nao. Kisha anaendelea peke yake, na hapo hakuna anayecheka.

Alikaa ndani siku kumi na tisa. Kiwandani alibaki Anatoli. Lori la jeshi lilikuwa linasubiri samli, mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu mfululizo, na mlango, hewa pekee iliyobaki, ulifungwa kuzuia maji yasiingie. Anatoli alichuchumaa mbele ya moto kuanzia asubuhi. Adhuhuri Clotilda alimletea ugali wa muhogo na maharage. Alimkuta ameketi, ameegemea rundo la kuni, macho mekundu kama ya samaki wa juzi.

"Nikamwuliza, una nini?" anasema Clotilda. Ni mwanamke mwembamba, hatazami anayezungumza naye. "Akasema, 'Boira limenipa mafua.' Akala. Tukatembea wote hadi nyumbani, kwa miguu yake. Akacheka na jirani njiani. Nikasema, ah, mafua."

Kesho yake asubuhi alianza kuhema. Waliita lori, lakini lori lilikuwa limekwenda na samli. Jioni alikuwa akitoa povu, lenye rangi ya waridi. Hakukuwa na maji karibu, hakuna mto, hakuna ziwa, na Anatoli alizama, ndani ya kifua chake, kitandani kwake, watu wakimtazama.

Felisiani aliachiwa siku mbili baada ya mazishi. Sajenti mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye meli alilisoma faili, akacheka mpaka akalia, akasema, "Mtoeni huyu baba, ni mtia kuni!" Walimrudishia koleo. Alitembea hadi Rwamashozi siku moja na nusu, akikata shauri njiani atakavyomchekesha Anatoli na kisa cha Boila wa Uingereza.

Taarifa ya kamati ya kijiji iliandikwa hivi: kifo kilitokana na moshi, kwa uzembe wa mchochezi ambaye hakuwepo kazini.

Clotilda hakusema naye tangu siku hiyo, ila mara moja. Ni pale koplo Ngeleja alipofika mwezi wa tatu, akanusa, akatoka mbio, akamwita Felisiani.

"Mzee, shikamoo. Nani ameuweka mtambo huu hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Vita."

"Nitafutie shaba. Shaba yoyote."

Clotilda, aliyekuwa amesimama na debe mkononi, akaivua bangili yake. Anatoli ndiye aliyemvisha. Koplo akaitia kwenye mwali wa jiko la kupampu, akaishusha sakafuni karibu na ufa. Mwali ukageuka kijani, kijani kama jani changa la mgomba, ukasimama hivyo.

Koplo akaeleza yote aliyoyaeleza. Clotilda alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Felisiani.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua. Ukaandika barua, ukaenda zako kulala mahabusu, ukamwachia yeye. Barua yako ndiyo iliyomuua, shemeji." Akakataa kuipokea bangili. "Kaa nayo. Siivai tena."

Koplo Ngeleja aliahidi kuripoti. Lori lake lilikwenda mstari wa mbele, na yeye hakurudi nalo.

Barua ya pili Felisiani aliipeleka mwezi wa tano. Safari hii Audax aliinua kalamu kila alipofika kwenye cheo.

"Mchochezi siandiki tena, mzee."

"Andika mwasha moto."

"Mwasha moto! Ghala likiungua popote wilayani watakuja kwako."

"Andika basi mpika mvuke."

Audax akaona mpika mvuke si Kiswahili cha shule. Akaandika *Mpishi*.

Jibu limefika wiki iliyopita, lina muhuri mkubwa wa zambarau. Felisiani amelikunja ndani ya mfuko wa nailoni, anaubeba kifuani. *Ndugu Mpishi. Malalamiko yako kuhusu moshi wa jikoni yamepokelewa. Unaelekezwa kufungua madirisha wakati wa kupika. Aidha unahimizwa kupanda mboga.*

Kijiji kilicheka siku mbili. Felisiani hakucheka. Alilisoma jibu hilo mara nyingi, akafuatisha mstari wa madirisha kwa kidole. Alikumbuka maneno ya koplo: gesi inalala chini. Mabati yale ya juu hata yakibanduliwa yote haitoki. Itabaki sakafuni, kimya, ikisubiri kunywewa na boila.

Jana alimpelekea mwenyekiti Leonidas karatasi yake.

"Nimeagizwa na ofisi nifungue madirisha."

"Mabati hayo ni amri ya usalama, Felisiani. Hayatoki bila amri nyingine."

"Nani alitoa ya kwanza?"

Leonidas alikuna kidevu. Amri ililetwa kwa mdomo na mtu mwenye baiskeli. Kwa kuwa haikuandikwa popote, hakuna mahali pa kuifutia.

"Sitagusa mabati," akasema Felisiani. "Barua imesema madirisha. Haikusema ya urefu gani. Mimi nitafungua dirisha la usawa wa goti."

Mwenyekiti alitazama muhuri, akatazama juu, akasema ana mkutano Nyamahanga na hatarudi mpaka Ijumaa.

Kwa hiyo leo, mvuke wa maziwa ukiisha kutumika na moto ukiachwa ufe, Felisiani anachora kwa mkaa mraba chini ya ukuta, pembeni ya mtambo. Ukuta ni wa mawe na saruji, unene wa mkono mpaka kiwiko. Anapiga nyundo na tindo mara sita. Anakaa. Anakohoa kikohozi kirefu ambacho hakipati kinachokitafuta. Daktari msaidizi alimwambia mapafu yake yamebaki nusu, na kwamba asikae karibu na moto. Yeye akamwuliza akae karibu na nini. Anapiga tena mara sita.

Saa nane mchana Clotilda anaingia na sururu begani. Hasalimii. Anamsogeza Felisiani kwa kiuno, kama anayesogeza debe, anapiga.

"Hata likitoboka," anasema akiwa amempa mgongo, "mtambo utabaki humu. Na ufa uko pale pale, na mpira wako wa baiskeli."

"Najua, shemeji."

"Na wewe unakufa."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Felisiani anafuta vumbi kwenye tindo. "Mimi nikienda wataweka mwingine. Hatajulishwa. Ataambiwa haiwaki."

Clotilda anapiga. Jiwe moja linalegea, linatoka, na mwanga wa jua unaingia mahali ambapo haujawahi kufika, juu ya sakafu nyeusi, upana wa sufuria ndogo. Wote wawili wanautazama. Felisiani anahesabu kwamba ifikapo Alhamisi asubuhi, wakifanya hivi hivi, tundu litapitisha mbuzi. Gesi si nene kuliko mbuzi. Na mlango wa kiwanda atauleta ule wa kwake, ule wa mwaka 1974, autoboe kwa chini, autundike badala ya huu wa sasa. Mtungi ukifika ataomba jambo moja tu, kwamba yeye ndiye awe wa kwanza kulala sakafuni na bangili, kabla mtu yeyote hajawasha moto.

Audax anachungulia mlangoni, daftari kwapani. Ni siku ya kuandika malipo ya mwezi. Anaona vumbi, anaona sururu, anaona tundu.

"Mzee Felisiani, shikamoo. Sasa nikuandike nani?"

"Marahaba. Andika unachokiona. Andika mtoboa ukuta."

Karani anafungua kalamu, anafika kwenye mstari, anasita.

"Hapana, mzee. Hiyo watasema mwizi."

Felisiani anaanza kucheka, na kikohozi kinamkatiza katikati. Anaposhusha mkono mdomoni anaufuta haraka kwenye suruali, lakini Clotilda ameshaona. Anaegemeza sururu ukutani, anaiokota bangili iliyo juu ya jiko, anaipangusa masizi kwa kanga, anaitazama, anairudisha pale pale.

"Acha wazi," Felisiani anamwambia karani, pumzi ikirudi kidogo kidogo. "Weka jina tu. Cheo acha wazi."

Audax anaacha wazi. Clotilda ameshapiga jiwe la pili.